Tambi Hazisubiri

Foleni imepinda kona, imelipita duka la viatu,
imegota kwenye mlango wa benki iliyofungwa.
Novemba, Düsseldorf, mvua ya rasharasha
isiyo na haraka ya kunyesha wala ya kwisha.
Mbele yangu wanafunzi wawili wanagombania kodi ya chumba
kwa minong'ono.
Nyuma yangu baba amempakata mtoto mabegani,
na mtoto anahesabu vichwa vilivyotutangulia:
akifika ishirini na tatu hupotea,
huanza upya.

Dakika arobaini.
Mimi fundi wa piano. Nimetoka kwa Bibi Rosenkötter,
asubuhi nzima nikikaza uzi mmoja
mpaka sauti ya *la* ikanikaa kwenye meno.

Mlango unafunguka. Mvuke hutoka kwanza,
kisha binti mwenye aproni nyeusi, kidole kimoja juu:
mmoja?
Mmoja.
Kiti cha mwisho, kati ya koti lililolowa
na mzee aliyefunga tai.

Bakuli linatua.
Supu nzito, nyeupe ya moshi, mafuta yakielea vijicho vijicho,
vitunguu majani, nyama ya nguruwe laini hadi inaogopa kijiti,
na nusu ya yai ambalo kiini chake
hakijaamua kuganda.

Napuliza. Nangoja.
Kwetu Krefeld, mama yangu Irmgard
aligonga meza kwa mpini wa kisu
mtu akinywa supu akasikika.
"Hapa si zizini."
Miaka hamsini na sita nimekula
kama mwizi apitaye kwenye changarawe.

Mzee mwenye tai analitazama bakuli langu,
anaitazama saa yake.
"Tambi hazisubiri," asema,
kwa Kijerumani kilichopigwa pasi.
Kisha anainama, anavuta:
fyuuuup!
*Fa*, nikasikia, ikapanda karibu ifike *sol*,
ikakatika.
Koti lililolowa likajibu, chini zaidi.
Jikoni upawa ukagonga sufuria. Mwingine akavuta, na mwingine,
watu kumi na mmoja ukutani, kila mmoja na ufunguo wake,
na mkono wangu, kwa mazoea,
ukaanza kutafuta spana mfukoni.

Nikavuta.
Nikapaliwa. Supu ikanirukia kifuani.
Mzee akanisogezea karatasi ya kufutia,
macho yake hayakutoka kwenye bakuli lake.
Nikavuta tena.
Jinsi ilivyosikika sitasema. Nilikuwa na njaa.

Dirishani, pua ya mtoto imebandikwa kwenye kioo.
Nikalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, nikalimaliza,
maana kiti hiki ni cha watu.

Nje, mvua ileile.
Mtoto akaninyooshea kidole kwenye shati:
"Umemwaga!"
Baba yake akaona haya, akamnyamazisha.
"Nimemwaga!" nikasema,
kwa sauti kubwa kidogo kuliko iliyohitajika,
na foleni nzima ikageuka.