Jiwe la Mizani

Mgeni kataka ngome, nikamuonyesha soko,
Chake yataka usome penye pishi na mfuko;
Mezani kwa Bi Fatume, pweza mkavu, vicheko,
Wabishana wanaume: ng'ombe wa mchezo yuko?

Jiwe lake la mizani lina chokaa ya kale,
Lilitokea ngomeni, ukuta wake wa mbele;
Alilipata jaani bibiye, Mchanga Shale,
Leo lapima sokoni tungule, hata mchele.

Mgeni katoa noti, kwamba aondoke nalo;
Fatume kavuta kiti, akacheka: "Hili kilo!"
Lamomonyoka katiti, kila mwaka, jiwe hilo;
Twapunjwa bila sauti, twalipa bei ya kilo.