Usiku Mmoja Wadi Dayqah

Tulifika Quriyat saa kumi, gari limeshona
makaa, mikeka, birika, na hema lisilo vigingi.
Muhanna kavisahau Maskati nyuma ya mlango,
naye akaapa ni mimi.
Tukalifunga kwenye mawe.

Tukapanda kuliona bwawa.
Shangazi Ghariba, aliyekulia Wete
ambako mvua haiombwi, inafukuzwa,
alishika chuma cha ukingo, akanyamaza
kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
Maji ya kijani, mazito, yamelala
kati ya milima isiyo hata jani.
"Yote haya," akasema, "yanamngoja nani?"

Kibao kinakataza kuoga.
Wahenga mtusamehe: tumeyavulia viatu tu.

Chooni bomba likakohoa, likatoa hewa.
Shangazi akacheka hata kanga ikamdondoka:
"Bahari nzima mlangoni, mimi natawadha kwa chupa!"

Usiku upepo ukalivua hema kama kofia.
Hakuna aliyelikimbilia.
Tukalala nje, watu sita, mkeka mmoja na nusu,
Salwa katikati akiuliza
kama ukuta nao husinzia.

Baadaye, wote kimya, nikasikia sauti ya mume wangu:
"Vigingi. Nilivisahau mimi."

Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza,
huko chini ya ukuta, upande wa mitende ya Mazara,
maji machache yaliyoruhusiwa
yakijiendea.