Cheti cha Kigoda

Dakta Wabwile alikileta kimefungwa kwa shuka la hospitali,
akakitua mezani pangu, nyuma ya duka la mbolea, Kibuye,
kwa mikono ile ile iliyopasua matumbo miaka thelathini.
"Cha Bobasi," akasema. "Kilikuwa cha mzee, kikawa cha mjukuu,
sasa ni changu. Kina miaka mia. Niandikie cheti."

Mimi kwanza hunusa.
Moshi wa jikoni huingia mtini polepole, kama deni,
pamoja na maziwa, ugoro, jasho la nyonga.
Hiki kilinuka moshi, ndiyo,
lakini moshi wenye haraka.

Nikakipindua. Nikapitisha ukucha kati ya shanga:
nyeupe, buluu, nyeupe, nyekundu ya ini.
Kioo cha kale, hakuna mbili zinazolingana.
Zilichomolewa kwenye mkufu wa bibi wa watu.
Dakta akatabasamu. Nikamwacha atabasamu.

Kisha nikafumba macho, nikakikalia.

Kigoda kilichokaliwa kina upendeleo.
Mwenye goti bovu huegemea kushoto,
na kushoto huzama, hung'aa, huwa kama kiganja.
Cha baba yangu, mgeni akikikalia
alipinda mgongo bila kujua anamwiga nani.
Hiki kilinipokea sawasawa, pande zote,
kwa adabu ya hoteli.
Uzee uliopimwa kwa rula.

Nikaingiza kidole chini, mguu wa tatu unapoungana na kiti,
mahali pasipoangaliwa na mnunuzi.
Ipo. Ushanga mmoja wa kijani.

Ontiri wa Nyamarambe!
Nilikuwa darasa la sita nikimbebea majani ya chai,
kilo kwa kilo, ya kuoshea vigoda
alivyovifukua kwenye samadi baada ya miezi mitatu.
"Huu wa kijani ni wa nini?" nilimuuliza.
"Wa Mungu," akasema, "asije akadhani nami namdanganya yeye."

Mvua ilianza kupiga mabati. Dakta alikuwa ametoa
bei ya ng'ombe wawili wa gredi.
"Basi andika *huenda*," akasema. "Neno moja tu. *Huenda*."

Nimeidhinisha arobaini na kitu, vya kweli kabisa,
na kila mara, penye jina la fundi, nimechora mstari.
Siku hiyo niliandika:
*Kigoda, miguu mitatu. Mti: mringaringa. Shanga ni kuukuu kuliko kigoda.
Kimechongwa na Ontiri Mageto, Nyamarambe,
mwaka ule mvua ilipokataa kukatika.
Umri: wa kubuni. Mkono: halisi.*

Alisoma kama anayesoma majibu ya maabara yake mwenyewe.
Akafunga kigoda chake kwa shuka, vizuri, kona kwa kona,
akaondoka nacho kwenye tope.
Cheti akakiacha.

Desemba nilikipeleka Nyamarambe.
Ontiri haoni vizuri siku hizi; nilimsomea, akataka tena.
Alinyamaza kwa muda wa kumenya ndizi nzima.
"Mringaringa wapi?" akasema.
"Ule ulikuwa mparachichi wa shangazi yako,
ulioangukia choo.
Na wewe ndiye wanayekulipa?
Kata hapo. Andika vizuri."