Paa Baada ya Mvua

Ffion ana miaka ishirini na mitatu,
viatu vya mpira vya kaka yake,
wala hana subira.
Kanipa kipande cha mkaa, karatasi ya bucha,
na amri moja juu ya kilima cha Cae Hesgen:
"Finya macho, Idwal. Bado. Finya tena."

Nikafinya mpaka kope zikashikana.
Wales yote ikayeyuka, yakabaki madoa.

Mimi nilikuwa tarishi wa bonde hili
miaka thelathini na mmoja.
Nyumba nazijua kwa milango:
wa kijani ni wa Bi Lowri, barua za hospitali;
mwekundu ni wa ndugu wawili wasiosemezana,
kila mmoja na tundu lake la barua.
Sasa msichana huyu ananiambia nisahau kijani,
nisahau nyekundu, nisahau hata mlango.
"Rangi ni porojo," anasema. "Itakuja yenyewe.
Niambie kwanza kipi kizito, kipi chepesi."

Palikuwa na kondoo nyuma ya ukuta wa mawe.
Kondoo ni mweupe; nikamwachia karatasi tupu.
Mbwa wao, Pero, mweusi ti, amejilaza juani;
huyo nikamkandamizia mkaa mpaka ukavunjika.

Ffion hakunikaripia. Alikunja karatasi ikawa mrija,
akaniwekea jichoni kama daktari.
"Mtazame kondoo. Usiangalie kingine.
Haya, sasa mbwa."

Ndani ya kitundu kile hapakuwa na kondoo.
Palikuwa na kijivu cha maji ya ndoo iliyolala nje.
Na mgongo wa mbwa ulikuwa unawaka,
mweupe, mweupe kuliko sufu,
jua likiteleza juu yake kama mafuta.

Husemwa usilolijua ni usiku wa giza.
Lakini mimi, nililolijua ndilo lililonifunga macho.

Kisha mvua, ile ya huku, isiyopiga hodi.
Tukajibanza ghalani na mkate wetu na jibini,
tukanuka sufu, hatukuzungumza.
Nilikuwa nikimfikiria baba.
Alipasua mawe ya paa katika machimbo ya juu kule,
jiwe jeusi, miaka yote jeusi,
na kila jioni alirudi nyumbani mweupe:
nyusi nyeupe, masikio meupe,
mama akimkung'uta mlangoni kama zulia.
Nililitazama hilo utotoni mwangu wote
na sikuliona.

Tulipotoka, bonde lilikuwa linachuruzika.
Paa la Bi Lowri nimelichora mara sita, mara sita jeusi,
kwa sababu ni vigae vya jiwe, na jiwe ni jeusi,
na aliyelipasua nilimwita baba.
Nikafinya macho.
Paa lilikuwa limeimeza mbingu nzima.
Chini yake ukuta wa chokaa,
ambao ningeuapia mahakamani kuwa mweupe,
ulisimama mchafu kama jino.

Mkaa haujui kuweka mwanga.
Mwanga huachwa, au hurudishwa.
Nikachukua tonge la mkate, nikalifinyanga laini,
nikaanza kufuta paa, kigae kwa kigae,
vumbi jeusi likiingia kwenye mkate,
karatasi ikipumua.
Nikatazama mikono yangu:
ya baba, iliyogeuzwa.

Ffion aliinama begani kwangu muda mrefu.
Nilingoja sifa, sidanganyi.
"Ukuta bado," akasema,
akaula mkate uliobaki, ule safi.

Na kondoo, bila kuniuliza,
akainuka, akajinyoosha,
akajitokeza juani.