Koti la Marehemu Garside

Tulianza na mauaji.
Siku kumi na moja, kamera ya kuazima,
na Withernsea, mji ambao mnara wake wa taa
umesimama katikati ya nyumba, mbali na maji,
kama mgeni aliyekosea mlango akaona haya kuondoka.

Mimi nilishika kipaza sauti kwenye mpini wa ufagio.
Damu tuliipika jikoni: shira ya sukari, rangi nyekundu,
kijiko cha kakao ili isichekeshe.
Ikachekesha.
Nyigu wa mwisho wa msimu wakamwandama maiti,
maiti akainuka, akatimua mbio na kisu chake kifuani,
na Hester, mwongozaji wetu, hakusema kata.
"Wacha," alisema. "Wacha kwanza."

Siku ya tano mpelelezi wetu akapata kazi Leeds,
kuyapigia debe magodoro kwenye televisheni, malipo taslimu.
Nani angemlaumu? Njaa haina baunsa.
Usiku ule Hester akaandika upya, juu ya karatasi ya chipsi:
mpelelezi ameuawa. Mpelelezi sasa ni mzuka.
Mzuka hauhitaji uso,
unahitaji koti.

Tulipewa na Bi Garside, mwenye nyumba ya wageni,
aliyetulaza saba katika vyumba viwili
na kutuhesabia mayai.
Koti la kahawia, vifungo vya ngozi, na mfukoni
tiketi ya mbio za mbwa, peremende iliyogandana na uzi.
"Lilikuwa la Wilf. Msinirudishie na matope."
Likanitosha mimi. Nikauweka ufagio chini.

Basi ikawa filamu ya viraka:
hapa kisu, hapa kicheko, hapa mapenzi
ya dakika mbili, kwa kuwa mvua ilitufungia
ndani ya kibanda cha aiskrimu.
Sikwambii ilikuwa nzuri.
Nakwambia tu kwamba siku ya mwisho
ukingo wa udongo ulimeguka wenyewe nyuma yangu,
ukaenda baharini na uzio na benchi,
nasi hatukulipa hata senti.

Februari, ukumbi wa kanisa, hita moja, watu kumi na tisa.
Penye mauaji walicheka.
Penye mzaha wetu mkubwa, kimya; mtu alikohoa.
Kisha mzuka ukatokea, mgongo tu,
ukitembea polepole kuelekea pale nchi inapokwisha.

Bi Garside akasimama, mkoba mkononi.
Nilidhani anaondoka.
"Sivyo," akaliambia pazia.
"Bega la kushoto alikuwa akilishusha."

Akabaki amesimama hadi koti likatoweka.
Nami kule nyuma, gizani, mgongo ukutani,
bila kuombwa na yeyote,
nikalishusha bega.