Kuingia si Kukubaliana

Bwana Gurdev alisema: "Imeingia, si unaona?
Imelia ka! Basi inafaa."
Nikamwambia, hata kwenye kiatu cha kaka yangu
mguu wangu unaingia. Niulize kuhusu kutembea.

Hakuniuliza. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri,
barabara ya Dudley, Wolverhampton, mvua ile isiyonyesha
ila inakaa tu hewani kama mgeni asiyeaga,
na tona halali, yenye muhuri wa kiwanda,
imekwama ghalani Derby hadi Jumatatu.
Hii nyingine ilikuja katika boksi jeupe lisilo na jina,
nusu ya bei, na kijichipu kilichofundishwa
kuiambia mashine: mimi ni mwanao.

Mashine ikasadiki. Kioo kikaandika: Tayari.

Mghanga alikuwa amesimama kaunta tangu saa tisa
na picha ya mama yake ndani ya bahasha ya benki.
Vijitabu mia moja na ishirini, ibada kesho saa nne.
Wakesho Mwakio, mzaliwa wa Wundanyi,
aliyefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita.

Nakala ya kwanza ikatoka.

Sijui nieleze vipi. Macho yalikuwa yake, kilemba chake,
lakini ngozi ilikuwa jivu lililomwagiwa maji,
na chini yake, sentimita tisa na nusu, uso ukarudi tena,
hafifu, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia:
ngoma haijajisafisha, unga umeing'ang'ania.
Nikapitisha kidole juu ya jina.
W ikaondoka na kidole.

Mghanga hakupiga kelele. Alisema tu,
"Mama hakuwa wa rangi hii hata siku aliyokufa."

Watu hudhani wino ni wino.
Huu ni plastiki iliyosagwa laini kuliko poda ya mtoto,
na kila unga una joto lake;
siagi na nta vyote huyeyuka, ila si kwa moto mmoja.
Mashine yetu hupitisha karatasi mbio,
unga wake inaubusu mara moja, yatosha.
Huu wa kuja ulitaka kukumbatiwa.

Basi nami nikaidanganya.
Nikaiambia karatasi ni nene, kadi ya harusi, gramu mia tatu.
Ikapunguza mwendo, ikaongeza moto.
Nikazima taa za juu, nikaifungua tumbo,
nikaipangusa ngoma kama unavyompangusa mtoto mwenye homa.
Kisha nikapunguza nyeusi. Hapo wengi hukosea,
wanadhani mtu mweusi huchapwa kwa nyeusi.
Nikampa njano. Nikampa ule wekundu wa zambarau iliyoiva.
Samawati chembe tu, kandokando ya taya,
na nyeusi mwisho, kwa ncha ya vidole, kama chumvi.

Nakala ya tisa: bado kijani shavuni.
Ya kumi na nne: paji limeungua.
Ya kumi na saba Mghanga akasema, "Rudi nyuma kidogo."
Ya kumi na nane hakusema kitu.
Aliichukua ingali moto,
akaibandika shavuni mwake, macho kafumba,
na Bwana Gurdev akakata nusu ya bei bila kuombwa,
akajifanya anahesabu klipu.

Tulimaliza saa nne usiku. Roli ilikuwa imekwaruzika;
ilikufa Jumanne, pauni mia mbili na themanini.
Rahisi ni ghali, nilimwambia bosi.
Alinijibu kwa Kipunjabi, nadhani methali ileile.

Lakini Jumamosi asubuhi, ibada ikiwa imeshaanza,
nilipiga chafya jikoni kwangu,
na kwenye leso: njano, zambarau, samawati kidogo,
nyeusi kidogo zaidi.
Nilikitazama kile kitambaa mpaka chai ikapoa.
Kisha nikakikunja, nikakirudisha mfukoni.