Mama wa Alhamisi

Bwana Mkuu wa Chuo,
naandika kwa mkono wa mwanangu Kolumba,
maana macho yangu siku hizi huona mbali tu.
Ni mimi Pelagia Songoro wa hapa Wete,
wa kikapu cha sabuni ya mche na mkate wa mofa,
mkate ambao askari wako wa zamu
huutoboa kwa spoku ya baiskeli, akitafuta sijui nini.
Humwambia: toboa, mwanangu, ila nawa kwanza.

Visiwani kwetu hatusemi jela.
Tunasema chuo cha mafunzo,
na aliyefungwa tunamwita mwanafunzi.
Neno zuri. Aliyelichagua alikuwa na moyo.
Basi nimekuja kama mzazi anavyokuja skuli
kuuliza watoto wanasomeshwa nini.

Faki Shaame, mwaka na miezi mitatu
kwa magunia mawili ya karafuu
aliyotaka kuyavusha usiku kwenda Shimoni,
keshajua kulala ubavu.
Mmoja akipiga kofi, wote ishirini na tisa hugeuka.
Keshajua kubana haja hadi alfajiri
kwa sababu ndoo hujaa saa nne ya usiku.
Cheti hiki atakitundika wapi?

Mguu wake wa kushoto una donda.
Nililinusa kabla sijaliona.
Karafuu zote za Pemba haziifichi harufu ile.

Sheha aliniuliza:
Mama Pelagia, huyo ni wa kanisani kwenu?
Nikasema hapana, huyo anaswali,
tena anaswali kuliko ninavyosali mimi.
Sasa unamfuatia nini?
Nikakosa la kusema, nikaenda zangu kuanika makopa.
Jibu likanijia jikoni, kama majibu yangu yote,
mtu keshaondoka:
Bwana wangu naye alikamatwa usiku.
Walimvua nguo, wakampiga makofi wakicheka,
na aliposema ana kiu wakampa siki.
Siwezi kupita penye dirisha la nondo
nisichungulie kama ndiye yumo.
Hakuniambia niulize kosa.
Aliniambia niende.

Wala sisemi wafunguliwe.
Mwizi wa mbuzi wangu yumo humo humo,
Mbwana Kheri, na mbuzi alikuwa na mimba.
Bado nimemkasirikia.
Sabuni yake humpelekea na hasira zangu.
Lakini hakimu alisoma: miezi tisa.
Hakusoma: miezi tisa na upele.
Hakusoma: na kiu, na teke la asubuhi.
Hayo yaliandikwa na nani, kwa kalamu ipi?

Bibi wa bibi yangu aliletwa visiwani na mnyororo.
Alama ya chuma alikwenda nayo kaburini.
Kwetu wosia ni mmoja:
ukiona mtu kafungwa, usiulize kabila,
angalia kifundo cha mguu.

Naomba ndoo tatu zenye mifuniko.
Naomba daktari wa Jumanne avuke lango,
asiishie kivulini kwa karani akinywa chai.
Lile dirisha la nyuma lizibuliwe matofali.
Sijaomba pepo, Bwana Mkuu, naomba upepo.
Magodoro tutashona wenyewe, akina mama wa parokia,
na Bi Mwanakhamisi, jirani yangu, ambaye hajawahi kuingia kanisani,
keshaleta magunia mawili ya sufi
na sindano yake mwenyewe, maana zetu anasema butu.

Faki anatoka Mfunguo Tatu.
Atafika kwao Tumbe akichechemea,
na bintiye, ambaye ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza,
atamwuliza: Baba, na wewe huko chuoni
ulisoma nini?
Muda upo. Mwandalie jibu.

Kolumba anasema barua imekuwa ndefu
na mafuta ya taa ni ya kununua.
Alhamisi nakuja.
Mwambie yule kijana, ile spoku
ina kutu.